Mdogo wangu alikamatwa kinyume cha sheria. Je, jirani aliyemwona anaweza kuzuiwa kutoa ushahidi?

Wakili, shikamoo.

Naandika kutoka kijiji kimoja juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Naomba usikitaje kijiji wala kituo cha polisi, kwa sababu huku tunajuana mpaka kwa kukohoa.

Mwezi Oktoba, korosho zikiwa zimeanza kuokotwa na watu wanasubiri mnada, ghala la mzee mmoja lilivunjwa usiku na magunia manne yakachukuliwa. Kulipokucha, mama mmoja jirani yetu alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akasema saa nane usiku alitoka kwenda chooni, akamwona mdogo wangu wa kiume anapita njiani na gunia kichwani, mbalamwezi inawaka. Mama huyu si adui yetu. Tumezikana naye miaka yote, na mama yetu alipofariki yeye alikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Siku nne baadaye, usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane hivi, walikuja askari wawili na mgambo. Walimtoa mdogo wangu kitandani akiwa na msuli tu. Niliuliza kosa lake nini, nikajibiwa kwamba tutajua mbele ya safari. Karatasi hawakuonyesha. Chumba walikipekua, hawakukuta kitu. Jumatano tulishinda kituoni na chakula mkononi, hatukuruhusiwa kumwona. Alhamisi saa tisa alasiri ndipo alipoandikishwa maelezo. Anasema alipigwa makofi kwanza, akaambiwa asiposaini hatatoka. Akasaini. Katika maelezo hayo amemtaja kijana wa bodaboda kuwa ndiye aliyebeba magunia kupeleka kwa mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kinyemela. Ijumaa polisi wakamchukua yule kijana, wakamwachia, na sasa ni shahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka. Mdogo wangu alifikishwa mahakamani Jumatatu, akapata dhamana. Shtaka ni kuvunja jengo na kuiba.

Sasa hapa nyumbani kuna maneno matatu. Kijana mmoja aliyesoma mjini anasema mti ukiwa na sumu na matunda yake yana sumu, kwa hiyo kama kukamatwa kulikuwa haramu, mashahidi wote wanafutwa na kesi inakufa. Mtu mwingine, ambaye huwa anashinda kwenye viunga vya mahakama na bahasha kwapani, anataka shilingi 300,000 ili aandike barua ya kumwondoa mama jirani kwenye kesi. Na mjomba wetu, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli, anasema niende kwa mama jirani na doti ya kanga na sukari, nimwombe asahau alichokiona.

Wakili, mimi sijui kama mdogo wangu aliiba. Nilimuuliza, akainamisha kichwa. Naomba uniambie: mahakama inaweza kukataa kumsikiliza mama huyu kwa sababu ya walivyomkamata mdogo wangu? Na yule wa bodaboda? Na je, niende na hizo kanga?

Dada mtu, Mtwara

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa usiku ule, na pole kwa siku zile za kusimama nje ya kituo na chakula kinachopoa.

Nianze na linalokunyima usingizi. Hapana, mahakama haitakataa kumsikiliza mama jirani kwa sababu mdogo wako alikamatwa vibaya. Huyo anayetaka 300,000 anakuuzia kitu ambacho hakipo dukani. Na kanga usipeleke. Nitarudi huko, kwa sababu ndiko kwenye hatari kubwa kuliko zote ulizonitajia.

Tazama mpangilio wa mambo kama ulivyouandika mwenyewe. Mama aliona usiku wa wizi. Asubuhi yake akasema kwa mwenyekiti. Polisi walikuja siku nne baadaye. Alichonacho mama kilikuwa kichwani mwake na kilikwisha kutoka mdomoni mwake kabla askari hajagonga mlango wenu. Kosa la askari halikumpa mama macho, wala halikumleta kwa mwenyekiti. Hata kama mdogo wako asingekamatwa kabisa, mama angebaki na habari yake ile ile. Sasa utamwambiaje hakimu kwamba ushahidi huo umetokana na kukamatwa?

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kifungu cha 127, inaanza na msingi kwamba kila mtu anaweza kuwa shahidi, isipokuwa mahakama ione kuwa hawezi kuelewa maswali au kuyajibu kwa akili kwa sababu ya utoto, uzee uliokithiri, maradhi au sababu nyingine ya namna hiyo. Kosa la polisi dhidi ya mshtakiwa halimo humo. (Namba za vifungu ninazotaja humu ni za toleo la sheria la 2019. Anayeshika toleo jipya zaidi alinganishe kwanza, namba huhama.)

Kuhusu mti wenye sumu, kijana wenu hajaota. Msemo huo upo, ni wa mahakama za Marekani, na watu wanausikia kwenye filamu na video. Kinachosahaulika ni kwamba hata huko kwao hauendi mbali kama anavyodhani. Januari 1974, mwanamke mmoja aliporwa kwa bastola katika choo cha wanawake karibu na mnara wa Washington. Polisi walimshika kijana wa miaka 16 bila msingi wa kisheria, wakampiga picha, na kwa picha ile yule mwanamke akamtambua, kisha akamtambua tena kwenye gwaride la utambuzi. Mahakama ilikubali kwamba kukamatwa kule kulikuwa haramu. Ikaitupa picha, ikalitupa na gwaride. Lakini mwanamke aliposimama mahakamani akamnyooshea kidole, huo ukapokelewa, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la United States dhidi ya Crews, ikasema ni sawa. Sababu yake ndiyo hiyo niliyokueleza ya mama jirani: sura ya mporaji ilikuwa kichwani mwa yule mwanamke kabla polisi hawajakosea.

Huku kwetu Afrika Mashariki tulitokea upande wa pili kabisa. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, mtu aitwaye Kuruma alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akiwa kwenye baiskeli. Askari ambao cheo chao hakikuwaruhusu kumpekua wakampekua, wakasema wamemkuta na risasi mbili. Alihukumiwa kunyongwa. Rufaa ilifika mpaka London, kwenye Baraza la Faragha, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Mwingereza, na jibu lililoripotiwa mwaka 1955 likawa kwamba mahakama huuliza tu kama ushahidi unahusiana na kesi, haihangaiki na namna ulivyopatikana. Risasi mbili, upekuzi haramu, na mtu akabaki na hukumu yake. Kila nikiisoma hukumu ile naumia upya, na ninaitaja ili uone kwamba haki unayoiuliza leo haikuwapo tangu zamani.

Tanzania haikubaki huko. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Na. 9 ya mwaka 1985, ambayo sasa ni Sura ya 20, ilikuja na kifungu cha 169. Kinasema hivi kwa lugha ya nyumbani: upande mmoja ukipinga ushahidi kwa kuwa umepatikana kwa kuvunja sheria, au kutokana na kuvunjwa kwa sheria, mahakama isiupokee, isipokuwa iridhike kwamba kuupokea kutaleta faida ya wazi na kubwa kwa umma bila kumwonea mtu katika haki zake. Na mzigo wa kuiridhisha mahakama uko kwa anayeuleta ushahidi, yaani Jamhuri, wala si kwa mdogo wako. Hakimu atatazama uzito wa kosa linalochunguzwa na uharaka uliokuwapo, uzito wa sheria iliyovunjwa, na kama ushahidi ule ungeweza kupatikana kwa njia halali.

Kuna neno moja ambalo watu hulikosa. Ni lazima *upinge*. Katika shauri la Nyerere Nyague dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 67 ya 2010, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba si kila uvunjaji wa sheria hiyo unafuta ushahidi wenyewe kwa wenyewe. Anayeumia apinge pale ushahidi unapoletwa, ndipo mahakama ipime. Mshtakiwa akikaa kimya, karatasi ikapokelewa, kisha akaja kulia kwenye rufaa, mara nyingi amechelewa.

Sasa tukiangalie kile walichomfanyia mdogo wako, kwa sababu nahofia mnakishika pasipo penyewe. Mnalalamikia karatasi, yaani hati ya kukamata. Kwa kosa kama la kuvunja na kuiba, polisi mwenye sababu ya msingi ya kumshuku mtu anaweza kumkamata bila hati, kifungu cha 14. Na sababu walikuwa nayo: maneno ya mama jirani. Saa nane usiku ni saa ya kutisha, lakini kwa kukamata peke yake haifanyi jambo liwe haramu. Ukienda mahakamani kupigia kelele hati, Wakili wa Serikali atakuzima kwa sentensi moja, na hakimu atakusikiliza kwa sikio moja utakapofika kwenye hoja zenye uzito.

Zenye uzito ni hizi. Hakuelezwa kosa lake wakati wa kukamatwa, na sheria inataka aelezwe, isipokuwa kama mazingira yenyewe yanamjulisha. Chumba kilipekuliwa usiku bila hati ya upekuzi, ingawa hawakukuta kitu, kwa hiyo hapo hakuna ushahidi wa kupinga. Mlizuiwa kumwona, na sheria inampa mtu aliye kizuizini haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Alikamatwa kuamkia Jumatano, akafika mbele ya hakimu Jumatatu, ilhali kipimo cha kawaida ni saa 24. Na lililo kubwa kuliko yote ni maelezo ya Alhamisi.

Hapo kaa, nikueleze taratibu, kwa sababu kesi ya mdogo wako inaweza kusimama au kuanguka hapo.

Kifungu cha 50 kinawapa polisi saa nne za kumhoji mtu, tangu anapowekwa chini ya ulinzi. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi, wala wa kumsubiri wakili wake, na kuna njia ya kisheria ya kuongeza muda. Lakini tangu saa nane usiku wa kuamkia Jumatano mpaka saa tisa alasiri Alhamisi ni saa 37. Kutoka kijijini kwenu kwenda kituo chochote cha wilaya hakuwezi kula saa thelathini. Kama hawakuongeza muda kwa utaratibu, maelezo hayo yameandikwa nje ya sheria. Katika shauri la Janta Joseph Komba na wenzake watatu dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 95 ya 2006, Mahakama ya Rufani haikuliona jambo hili kuwa dogo. Ilikubali kwamba kumweka mtu kizuizini kupita muda uliowekwa kunaishia kuwa mateso, ya akili au ya namna nyingine, na maelezo yaliyochukuliwa hivyo hayakusalimika.

Juu ya hilo kuna makofi. Maelezo ya kukiri kosa mbele ya polisi ni lazima yawe ya hiari, na Jamhuri ndiyo inayopaswa kuthibitisha hiari hiyo.

Kwa hiyo siku shahidi wa polisi atakaposema, "Naomba kuyatoa maelezo haya yawe kielelezo," hakimu atamgeukia mdogo wako na kumuuliza kama ana pingamizi. Wengi wetu tukiwa pale mbele, miguu inatetemeka, tunasema "sina" ili tukae chini. Afundishwe kabla. Aseme: "Mheshimiwa, napinga. Nilipigwa, sikutoa kwa hiari. Na yaliandikwa siku ya pili baada ya kukamatwa, nje ya muda wa kisheria." Maneno hayo yanatosha. Hakimu ataisimamisha kesi kidogo, afanye uchunguzi mdogo ndani yake, asikilize pande zote mbili kuhusu maelezo hayo tu, kisha atoe uamuzi. Kama siku zile alitibiwa, au kuna mtu aliyeyaona mashavu yake Jumatatu pale mahakamani, watajwe hapo.

Sasa huyu wa bodaboda. Swali lake ni gumu kuliko la mama, na wewe umeliuliza vizuri kwa kulitenga. Yeye hakwenda kwa mwenyekiti. Polisi walimfikia kwa jina lililotoka kwenye maelezo ya Alhamisi. Kifungu cha 169 kinagusa pia ushahidi uliopatikana *kutokana na* uvunjaji wa sheria, kwa hiyo mlango wa kupinga upo, na mimi ningepinga. Ningemwambia hakimu: bila saa 37 na makofi, kijana huyu asingejulikana.

Ila nisikupe matumaini ninayojua ni membamba. Shahidi aliye hai ana utashi wake. Gunia lililokamatwa halina la kuamua, lakini mtu anaweza kwenda kusema au kugoma, na anaweza hata kujitokeza mwenyewe baadaye. Marekani waliligusa hili mwaka 1978, katika shauri la Ceccolini. Polisi mmoja alichungulia bahasha dukani kwa muuza maua bila ruhusa, na kwa alichokiona akapatikana shahidi, mfanyakazi wa duka lile. Mahakama ilimpokea shahidi huyo, kwa kuwa alisema kwa hiari na njia kutoka kosa la polisi mpaka mdomo wake ilikuwa ndefu. Uamuzi huo haumfungi hakimu wetu, lakini hoja yenyewe hakimu yeyote anaweza kuifikiria, na Wakili wa Serikali ataisema. Kwenu njia ni fupi: jina Alhamisi, kijana mikononi mwa polisi Ijumaa. Hilo liwekwe wazi mbele ya hakimu.

Na hata akipokelewa, hajamaliza. Kama kweli alibeba magunia manne usiku wa manane kumpelekea mnunuzi wa kangomba, yeye mwenyewe ana harufu ya ushirika katika kosa. Sheria inaruhusu mshirika kutoa ushahidi, lakini mahakama huutazama kwa tahadhari, ikitafuta kitu kingine cha kuuunga mkono, kwa sababu mshirika ana sababu ya kumsukumia mwenzake. Aulizwe kwa dodoso: ulikaa kituoni muda gani? Uliambiwa nini kuhusu kushtakiwa? Ulilipwa kiasi gani kwa safari ile, na ulidhani unabeba nini saa hizo?

Turudi kwa mama jirani. Kumzuia haiwezekani. Kumpima inawezekana, na ndiyo haki ya mdogo wako. Usidharau ushahidi wake kwa sababu ni mmoja: kifungu cha 143 cha Sheria ya Ushahidi hakitaki idadi yoyote ya mashahidi, na shahidi mmoja anayeaminika anaweza kumtia mtu hatiani. Tena mama ana nguvu mbili. Anamfahamu mdogo wako tangu utotoni, na alimtaja mapema. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita la mwaka 2002, ilisema kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni dalili kubwa ya kuaminika.

Lakini usiku ni usiku. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980 mahakama zetu zinatakiwa kuuliza: alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga wa namna gani, kulikuwa na kizuizi? Hata mtu unayemjua unaweza kumfananisha gizani. Kwa hiyo, dada, mpelekeni mtu akahesabu hatua kutoka choo cha mama mpaka njiani. Aangalie kama mikorosho imefunga pale katikati. Mnajua wenyewe mkorosho ulivyo, matawi yake yanashuka mpaka karibu na ardhi na chini yake giza ni la kushika kwa mkono. Gunia lilikuwa kichwani, je, uso ulionekana? Na mbalamwezi anayoitaja, mtazame kalenda ya Kiislamu ya usiku ule, mwezi ulikuwa na siku ngapi tangu uandame. Mwezi wa siku nne au tano huwa umetua kabla ya saa sita usiku, na wa siku ishirini na saba saa nane usiku bado haujachomoza. Ukiwa ni wa siku kumi na nne, basi mbalamwezi ilikuwapo kweli, na mdogo wako asipoteze maswali yake hapo. Sikuelezi haya ili mama aonekane mwongo. Mtu mkweli naye hukosea macho, na hakimu anahitaji kulijua hilo kabla hajamfunga mtu.

Kama usiku ule mdogo wako alikuwa mahali pengine, sheria inamtaka atoe taarifa ya utetezi huo mapema, asiuibue siku ya mwisho. Kama hakuwa, asiutunge.

Pia aombe nakala za maelezo. Kifungu cha 9 cha Sura ya 20 kinataka mshtakiwa apewe nakala ya maelezo ya aliyetoa taarifa ya kosa, kama mtu huyo ametajwa kuwa shahidi. Aombe na ya wengine. Mama akisema mahakamani hatua kumi, na kule polisi alisema hatua arobaini, swali limepatikana.

Sasa kanga. Mpe mjomba heshima yake yote, keti chini ukimweleza, lakini mweleze. Kumwendea shahidi ili asiseme, kwa zawadi au kwa machozi, ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Atakayeshtakiwa ni wewe uliyebeba kanga. Dhamana ya mdogo wako inaweza kufutwa kwa ajili hiyo. Na mama akisimama akasema "dada yake alikuja kwangu na doti ya kanga", hakimu atajiuliza kwa nini mliona haja ya kumnyamazisha mtu mnayesema alifananisha. Mtakuwa mmempa Wakili wa Serikali ushahidi ambao hakuwa nao.

Nimeona familia zikivunjika hivi huku kwetu, Mtwara na Lindi. Kesi inaisha kwa miezi, lakini watu hawazikani tena. Mama yule alimwosha mama yako. Alipoona alichodhani amekiona, alikwenda kwa mwenyekiti mchana kweupe, hakupita chini kwa chini. Mkikutana kisimani msalimie kama siku zote. Akianza kuzungumzia kesi, mwambie, "Mama, hilo tumelikabidhi mahakamani," na mbadili mazungumzo.

Na wewe mwenyewe chunga ulimi. Umeniambia kwamba ulimuuliza akainamisha kichwa. Mume na mke wana ulinzi wao katika Sheria ya Ushahidi. Dada na kaka hawana. Unaweza kuitwa na kuulizwa alichokuambia. Usiende ukilisimulia hilo la kichwa kwa mashoga, na usimuulize tena. Amweleze wakili wake, huko siri yake inalindwa.

Huyo mwenye bahasha kwapani ni kishoka. Hakuna barua ya kumwondoa shahidi inayoandikwa pembeni ya mahakama. Jina la wakili wa kweli mnaweza kulitafuta katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kama hamna uwezo wa kulipa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili yenu. Mdogo wako anaweza kumwambia hakimu waziwazi kwamba hana uwezo na anaomba msaada wa kisheria, na hakimu akiona haki inadai hivyo anaweza kuelekeza apatiwe. Wasaidizi wa kisheria hawatasimama kumtetea mahakamani, lakini watamwandaa na kumwelekeza bila kumdai.

Na yale makofi na siku zile za kizuizini, yasiishie kwenye pingamizi tu. Ibara ya 15 ya Katiba inakataza mtu kukamatwa au kufungiwa isipokuwa kwa utaratibu wa sheria, na ibara ya 13 inakataza mateso. Mnaweza kuandika malalamiko kwa mkuu wa polisi wa wilaya au wa mkoa, na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mkitaka kuidai Serikali fidia, itahitajika notisi ya siku 90 kwanza. Njia hiyo ina miguu yake. Inaweza kufaulu hata mdogo wako akitiwa hatiani kwa ushahidi wa mama, na inaweza kushindwa hata akiachiwa.

Usiku wa leo chukueni daftari, mdogo wako aandike kila saa anayoikumbuka: walipogonga, walipofika kituoni, nani alimpa chakula, alipoanza kuhojiwa, aliposaini, nani alikuwapo chumbani. Na wewe andika yako, tangu walipogonga mpaka mlipoondoka kituoni Jumatano jioni. Tarehe ya kusikilizwa ikitajwa, niandikie tena, nami nitasoma hati ya mashtaka pamoja na daftari hilo.